Kilo Tano kwa Penaia

Uliiona ile picha. Usiniambie hukuiona, maana gazeti lile lilifungiwa hata samaki pale soko la Nausori, na wewe si mtu wa kuacha kusoma cha bure. Akina mama thelathini na mzee mmoja wamesimama mbele ya ukumbi wa kambi ya jeshi, kila mmoja amekumbatia boksi lake kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Chini pameandikwa kwamba upendo wa nyumbani unawafuata vijana wetu jangwani. Uliitazama kwa muda wa kumeza funda moja la chai, kisha ukageuza ukurasa kutafuta matokeo ya raga. Ungetulia kidogo ungemwona mwanamke wa nne kutoka kushoto, mwenye gauni la maua mekundu, ambaye peke yake hacheki. Hukumwona. Una haraka wewe. Siku zote una haraka linapokuja suala la miguu ya watoto wa wenzio.

Mwanamke yule anaitwa Vasiti.

Siku tatu kabla ya picha ile, Jumamosi, boksi lake lilikuwa wazi juu ya mkeka katikati ya nyumba, na mzani wa samaki wa mumewe ulikuwa umening'inizwa kwenye boriti. Kilo tano, si gramu moja zaidi. Ndivyo barua ya kambi ilivyosema. Sasa jaribu wewe kumtia mwanao, na nyumba yake, na kijiji chake, na kanisa lake, ndani ya kilo tano.

Mumewe, Apakuki, alikuwa ameshatenga kilo mbili za unga wa yaqona, kinywaji chetu cha bakulini, mizizi ya miaka mitano aliyoitwanga kwa mkono wake mwenyewe. Hilo lilikuwa halina mjadala. Askari anayeletewa boksi lisilo na yaqona atakaa vipi na wenzake jioni, anywe ya watu kila siku yeye hana cha kumwaga bakulini? Apakuki alikuwa amevaa kofia ya buluu ya walinda amani kule Lebanoni enzi za ujana wake, na alizijua aibu za jeshini kama anavyoyajua mashimo ya barabara yetu. Dada yake alileta chupa ya mafuta ya nazi. Mke wa mchungaji alileta kitabu cha nyimbo chenye jalada gumu, kizito kama tofali, na Vasiti alikipima mara mbili, kwanza chenyewe, kisha dhidi ya makopo mawili ya nyama. Makopo yalikuwa mepesi zaidi.

"Kitabu hakiwezi kubaki nyumbani," alisema Apakuki. "Jumapili atauliza."

"Penaia anazijua nyimbo zote kwa moyo."

"Mungu anajua anazijua. Mke wa mchungaji hajui."

Kwa hiyo kopo moja lilitoka. Alesi, mkwe wao, hakuomba nafasi kubwa. Alichomeka pembeni fulana ya mtoto wake mchanga aliyokuwa hajaifua, ili baba yake ainuse. Ile haikusogeza hata mshale.

Ndipo simu ya Vasiti ilipotoa mlio. Alikwenda nayo nyuma ya nyumba, penye bomba la kufulia, akaitia sikioni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Penaia, sauti imeshushwa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Alisema asitumiwe nyama ya kopo wala biskuti. Alitaka soksi nzito, jozi nyingi kadiri zitakavyoenea, poda ya miguu, na dawa ya vidonda yenye nguvu kuliko zote zilizoko dukani. Viatu walivyopewa wakati wa kuondoka vilishindwa na mchanga wa kule mwezi wa kwanza tu. Gundi iliyeyuka, nyayo zikaachana na ngozi kama ganda la ndizi. Seksheni nzima, watu kumi, walikuwa wamezifunga kwa waya.

"Viatu ulivyonitumia kwenye boksi la kwanza, Nau, mama yangu, sinavyo," alisema. "Alivichukua Ulaiasi. Unajua yeye ni mtani. Alivivaa akacheka, akasema viatu vimempenda. Ningesema nini?"

Hakuna ambacho angesema. Ukoo wa Apakuki na ukoo wa Ulaiasi ni watani tangu mababu, na sote tunajua maana yake. Mtani akiingia nyumbani kwako akabeba jogoo wako, unacheka. Akivua shati lako mgongoni, unacheka, na zamu yako ikifika unabeba ng'ombe wake. Mwenye kununa anaudhi waliokufa. Vasiti aliyajua hayo tangu alipoolewa, lakini miezi minne iliyopita, alipoitoa mikeka yake miwili ya harusi dukani ili apate jozi moja ya viatu vya ngozi, hakuyakumbuka. Alituma jozi moja mahali penye miguu ishirini na mtani mmoja. Hilo lilikuwa kosa lake, na aliliona pale pale penye bomba, maji yakimwagika bure.

Mwisho wa ujumbe palikuwa na picha. Na maneno haya: "Usimwambie mtu, Nau. Anayekwenda kwa daktari anarudishwa kwa ndege ya kwanza na jina linakatwa. Nitumie tu dawa."

Vasiti aliitazama picha. Mguu ulikuwa umevimba hadi vidole vimepotea ndani yake, na kutoka kwenye kidonda ulipanda mstari mwekundu ukielekea kifundoni.

Jumatatu asubuhi alikwenda duka la dawa. Alivaa nguo ya kanisani, kwa sababu mtu asiye na cheti cha daktari inafaa angalau awe na nguo. Alisimama mbele ya kaunta, nyuma yake foleni ya watu saba wanaomjua kwa jina, akasema anataka dawa ya kidonda kilichooza. Binti wa dukani, Mhindi wa hapa hapa Nausori aitwaye Shalini, alimuuliza kidonda cha nani. Akasema cha mtu. Kiko wapi? Mguuni. Mtu mwenyewe yuko wapi? Vasiti alifungua mkoba. Nyuma yake mtu alikohoa kile kikohozi cha kutaka kusikia vizuri.

Akaitoa simu, akaisukuma juu ya kioo.

Shalini aliitazama picha, akaacha kuuliza maswali ya dukani. Akamzungusha Vasiti hadi upande wa ndani wa kaunta, mbali na foleni, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, hii ya lini?"

"Juzi."

"Na hilo boksi linachukua siku ngapi kufika?"

"Wiki tatu. Nne, ndege ikichelewa."

"Basi usichague tena cha kutia ndani ya boksi," alisema yule binti. "Huu mstari hausubiri wiki tatu. Akalazwe. Leo. Wasipomlaza, itakuwa mguu, na baada ya mguu sijui nikwambie nini."

Vasiti alishukuru. Hata hivyo alinunua poda makopo mawili na soksi jozi nne, kwa sababu mikono ya mama haikubali kurudi mitupu. Akapita katikati ya foleni akiwa amejikaza, watu wakimpisha kama anayenuka.

Nyumbani alimwambia Apakuki kila kitu. Usimcheke Apakuki. Nguzo za saruji za nyumba ile ni posho ya Lebanoni. Bati ni Lebanoni. Sasa posho ya Penaia ndiyo iliyokuwa ikilisha watu wanane, na mto ulipofurika mwaka jana ndiyo iliyowarudishia magodoro. Aliipokea simu, akaitazama picha kwa muda mrefu, akaifunika juu ya mkeka.

"Huku kwetu mtu akirudishwa kabla ya muda wake," alisema, "watu hawaulizi miguu. Wanauliza aliiba nini."

"Waulize."

"Wewe utawajibu? Barabarani, kanisani, mpaka mjukuu wako akue?"

"Apakuki, mguu unaoza."

"Sisi tulitembea na vibaya kuliko hivyo." Lakini sauti yake haikusimama sawasawa, na alipoona mkewe ameisikia, aliinuka. "Tia yaqona. Funga boksi. Mtoto amesema usimwambie mtu, ni mtu mzima, ana mke. Ataomba ruhusa mwenyewe ikibidi."

Vasiti hakufunga. Alitoa kilo moja ya yaqona, akatia soksi na poda mahali pake.

Jumanne wenye maboksi walipigwa picha kwanza, ile unayoijua, kisha wakaingizwa ukumbini kupimiwa. Mbele palikuwa na meza ndefu, mzani, na mke wa Meja. Tulimwita Radini, kama tunavyowaita wake wa wakubwa wote, na alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya maboksi. Alikuwa na orodha iliyopigwa chapa: vitu vinavyofaa, vitu visivyofaa. Kila boksi lilifunguliwa mbele ya watu wote. Mama mmoja aliambiwa samli yake itavuja. Mwingine, mjane wa Korovou, alionekana na mkate wa nazi umezungushiwa chupi mpya za mwanawe, na mwandishi wa gazeti akacheka kwa pua. Yule mama naye akacheka. Ungefanya nini?

Nyuma ya Vasiti kwenye foleni alisimama Makelesi, mama yake Ulaiasi. Mwanamke mnene, muuza maandazi wa stendi, mwenye sauti inayovuka mto bila mtumbwi. Kwa kuwa ni mtani, alikwisha kuanza tangu mlangoni. Alisema boksi la Vasiti limekonda kama mwenyewe. Akauliza kwani huko mtoni kwao siku hizi wanakula matope makavu au mabichi. Siku nyingine Vasiti angemrudishia moja lenye pilipili. Siku hiyo alisogeza tu boksi lake mbele, na Makelesi alipoona utani hauendi, akageukia majivuno.

"Wangu mie hana shida hata," aliwaambia waliokuwa karibu. "Jeshi limempa viatu vya ngozi, vipya. Kanitumia picha. Tazameni."

Vasiti alitazama. Ulaiasi alikuwa ameegemea mifuko ya mchanga, miguu juu, meno yote nje. Kwenye ulimi wa kiatu cha kulia ulionekana uzi mwekundu aliokuwa ameushona Vasiti mwenyewe ili kisipotee.

"Anayefuata," alisema Radini.

Boksi likapanda mzani. Kilo tano kamili. Radini alianza kutoa vitu, kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayepekua sanduku la marehemu. Alipofika kwenye soksi akasita. Akatoa na poda. Akaviweka kando.

"Mama Penaia, hivi vinatolewa na jeshi. Viko kwenye orodha ya visivyofaa." Aliinama kidogo. "Mwandishi yupo. Watu wakiona akina mama wanatuma soksi, watafikiri vijana wetu hawana. Weka biskuti, mama. Biskuti tunazo hapa, nitakupa."

Akatia biskuti kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mwanamke mbaya. Ndiyo maana jambo hili ni gumu: ukiwatafuta wabaya hapa utachoka, utakuta watu wema tu, kila mmoja ana orodha yake.

Vasiti alizishika jozi nne za soksi mkononi. Akili yake ilikuwa mahali pawili. Akisema, Penaia anarudi, jina linakatwa, na mumewe alikwisha kumwonyesha watu watasema nini. Asiposema, boksi litakwenda zuri, limejaa biskuti, na litamkuta mwanawe hana mguu. Na akisema, nani atamsikiliza? Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Kanisani alikuwa akiimba kwa kupanua midomo tu.

Akageuka nyuma.

"Mtani," alisema. "Nina haki ya kuomba?"

Makelesi akaangua kicheko. "Omba, wewe. Chochote. Mume tu ndiye simtoi, na hata yeye ukimbeba sitakufuata."

"Mwanao alichukua viatu vya mwanangu. Hivyo hapo, tazama uzi. Ni haki yake, sidai. Lakini sasa ni zamu yangu." Akampa simu yenye picha ya mguu. "Naomba mdomo wako."

Makelesi aliitazama ile picha. Kisha akaitazama yake, akaikuza kwa vidole viwili mpaka uzi mwekundu ukajaa kioo. Akaomba radhi kwa Vasiti, chini chini, kwa maneno ambayo si ya utani. Halafu akaliweka boksi lake sakafuni, akapanda juu ya benchi, na benchi likalia.

Hakutukana. Hilo wengi walilingoja na hawakulipata. Alisema yeye ni mama wa askari aliyevaa viatu vya mwenzake, kwa sababu vyake vilikufa mwezi wa kwanza, na yeye mama yake alikuwa akijisifu hapo hapo kwamba ni vya jeshi. Alisema kila mama ndani ya ukumbi huu ana siri kwenye simu yake na biskuti ndani ya boksi lake. Akauliza ni nani mwingine ambaye mwanawe amemwomba soksi.

Ukumbi ulinyamaza. Unakijua kimya hicho. Ni kile chako. Kisha mjane wa Korovou, yule wa chupi, akanyoosha mkono bila kumwangalia mtu. Mzee mmoja aliyekuja kwa niaba ya mkewe akanyoosha wake. Mikono ikaota pole pole, kama majimbi baada ya mvua, hadi ikafika kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja. Mwandishi hakucheka tena kwa pua. Alikuwa ameitoa kamera, na askari wa mlangoni akaishika lenzi kwa kiganja.

Meja aliletwa. Mtu mzima, mwenye nywele za mvi, aliongea kwa upole. Alisema haya ni mambo ya kuzungumzwa kwa utaratibu. Viatu vilinunuliwa kwa zabuni, na mwenye zabuni ataulizwa. Barua itaandikwa. Makelesi akamwuliza barua inachukua siku ngapi, mguu uko njiani.

"Mguu wa nani?" aliuliza Meja. "Nipe jina. Bila jina siwezi kupiga simu."

Hapo mdomo wa kuazima ukafika mwisho wake. Makelesi akashuka benchini, kwa sababu jina la mtoto si lake kulitoa. Watu wote wakageuka kumtazama Vasiti. Alimwona mwanawe akishuka ndege peke yake. Aliwaona watu wa barabara yao wakiuliza aliiba nini. Aliuona ule mstari mwekundu.

"Ni Koplo Penaia," alisema. "Seksheni ya tatu. Mtoto wangu. Mpigieni sasa hivi, mkanirudishie akiwa mzima au nusu, lakini mpigieni."

Aliyekwenda kupiga hakuwa Meja. Alikuwa Radini. Aliiacha orodha mezani, akaingia ofisini kwa mumewe bila kubisha hodi, na kupitia mlangoni tulimsikia akilitamka lile jina herufi kwa herufi.

Walimkata vidole viwili. Daktari wa kule alisema siku mbili zaidi angekata kifundoni. Jina lilikatwa pia, kama alivyojua, na posho ikakoma mwezi ule ule. Apakuki hakumsemesha mkewe wiki tatu. Barabarani walikuwapo waliouliza aliiba nini, wewe ukiwa mmoja wao, maana mimi nilikuwapo kwenye kibanda cha barabarani na nilikusikia.

Penaia alirudi siku ya mvua, kwa magongo. Aliwaamkia wakubwa, akambeba mwanawe, akaketi. Kwa mama yake alisema tu, "Nau, nilikuambia usimwambie mtu."

"Ulisema," alijibu Vasiti. "Nilikusikia."

Hakuomba radhi. Apakuki alikuwa ameketi mbali, ameutazama ule mguu uliofungwa tangu ulipoingia mlangoni. Mwisho akasogea, akaanza kuifungua bendeji kwa vidole vyake vinene, taratibu. Alipofika kwenye nyama aligeuza uso kwa mkewe, akasema neno lake la kwanza baada ya siku ishirini na moja. "Niletee maji ya moto."

Hiyo ndiyo habari ambayo gazeti halikuiandika. Liliandika ile ya picha. Viatu vipya havijakwenda mpaka leo ninapoandika. Mwenye zabuni ameongeza ghorofa. Kijana aliyechukua nafasi ya Penaia katika seksheni ya tatu ana miaka ishirini, anatoka mtaa wenu, na jina lake wewe ndiye uliyempa.

Maboksi yanapimwa tena Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Usiende na biskuti. Jaza kilo zako tano soksi tupu, liweke boksi wazi juu ya ile meza, na wakikutolea hata jozi moja, usiondoke pale. Lakini Jumanne ni mbali. Mpigie mwanao leo. Akikuambia yuko salama, usikubali. Mwambie avue viatu, aigeuzie simu miguu yake, akuonyeshe nyayo zote mbili, na wewe uangalie. Weka gazeti chini. Piga sasa.